Mbu Aliyefukuzwa Huenda Wapi?

Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa nje walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kaya ziligawiwa mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu, yenye DEET asilimia 15. Mahali pengine kila kaya ilipata dawa hiyo. Mahali pengine kaya nane katika kila kumi zilipata dawa, na mbili zilizobaki zikapewa mafuta yasiyo na kitu ndani yake. Kwingineko wote walipaka hayo mafuta matupu. Kisha mbu waliotulia ndani ya nyumba wakakusanywa na kuhesabiwa. Katika zile kaya chache zisizo na dawa, zilizozungukwa na majirani waliojipaka, mbu walikuwa zaidi ya mara nne ya wale waliokutwa kwenye nyumba za mahali ambako hakuna hata mtu mmoja aliyetumia dawa.

Matokeo hayo hayakusema kwamba dawa ni mbovu. Kilichofichuka ni kwamba swali tunalouliza dukani tukiwa tumeshika chupa mkononi, "hii inafanya kazi?", ni nusu ya swali. Inafanya kazi kwa nani? Na mbu aliyenyimwa mguu wangu ameelekea wapi? Nitalifuata hilo la pili, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama dawa ya kufukuza wadudu ni kinga ya umma au ni nafuu ya mwenye uwezo wa kuinunua.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Mbu dume hanyonyi damu. Anaishi kwa maji matamu ya maua na mimea. Jike naye huyanywa maji hayo kwa ajili ya nguvu, lakini mayai yake hayakui bila protini ya damu. Ndiyo maana mbu wa malaria hutafuta damu, hupumzika mpaka mayai yakomae, huenda kutaga majini, kisha hurudi tena kutafuta damu. Mzunguko huo humchukua siku mbili au tatu. Akikukosa wewe saa mbili usiku, haahirishi uzazi wake. Ana usiku mzima mbele yake, na ana mabawa.

Sasa tazama mahitaji ya malaria. Ili mbu aambukize, lazima anyonye damu ya mtu mwenye vimelea, kisha aishi siku za kutosha mpaka vimelea hivyo vikomae na kufika kwenye tezi za mate, ndipo amuume mtu wa pili. Kwenye joto letu ukomavu huo huchukua takriban siku kumi hadi kumi na nne. Kwa mbu, huo ni uzee. Wengi hufa kabla ya kufika huko, na hapo ndipo penye siri ya udhibiti wote wa malaria, kama alivyoonyesha Mwingereza George Macdonald kwa hesabu zake za miaka ya 1950.

Fanya hesabu hii ya mfano. Ikiwa mbu tisa katika kumi huvuka kila siku wakiwa hai, basi baada ya siku 12 watakuwa wamebaki asilimia 28 hivi. Ukiweza kuua mmoja zaidi, wakavuka wanane katika kumi, baada ya siku hizo hizo 12 watabaki chini ya asilimia 7. Umeongeza kifo kimoja tu katika kumi kwa siku, lakini umewapunguza mbu wazee, wale wenye hatari, kwa robo tatu. Hii ndiyo faida ya kuua: madhara yake kwa mbu hujirudia siku hadi siku.

Kufukuza hakuna faida hiyo. Mbu aliyefukuzwa ana umri uleule na njaa ileile, na kama tayari amebeba vimelea, anaondoka navyo. Hesabu ya maambukizi ya kijiji haitabadilika sana ikiwa ameachana na mimi akamwendea mtoto wa jirani. Itabadilika tu kwa njia mojawapo: amwendee ng'ombe badala ya mtu, achoke na kufa akiwa njiani akitafuta, au hicho kilichomfukuza kiwe kimemjeruhi pia.

Linganisha na chandarua chenye dawa. Asembo, magharibi mwa Kenya karibu na Ziwa Viktoria, kulifanyika jaribio kubwa la vyandarua katika miaka ya 1990. Watafiti waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: watoto wa nyumba zisizo na chandarua, lakini zilizokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka nyumba zenye vyandarua, nao walikingwa. Mbu waliokuwa wakizunguka kutafuta damu walikuwa wakitua kwenye nyavu za jirani na kufa huko. Asiye na kitu alinufaika na cha mwenzake. Kilombero ikatuonyesha kinyume chake, kwamba asiye na kitu alilipia cha mwenzake.

Kwa nini mafuta ya kupaka yawe hivyo? Hapa inabidi tuingie ndani kidogo ya kichwa cha mbu, na miguu yake pia.

DEET ni dawa ya zamani. Jeshi la Marekani liliipata mwaka 1946, baada ya vita vilivyowapeleka askari wake kwenye misitu ya Pasifiki na malaria yake, na raia wa kawaida wakaanza kuinunua mwaka 1957. Kwa zaidi ya nusu karne iliendelea kupakwa na mamilioni ya watu huku wanasayansi wakiwa hawajakubaliana inamfanya nini mbu. Mwaka 2008 kundi moja lilisema DEET huziba pua ya mbu asiisikie harufu yetu. Mwaka huohuo kundi jingine likasema mbu wanainusa DEET yenyewe na kuichukia. Mwaka 2011 likaja wazo la tatu, kwamba dawa hii haizibi wala haichukizi, bali inavuruga: harufu zinafika kwenye vipapasio zikiwa zimechanganyikana hata mbu asijue anachokifuata ni nini.

Kisha wakaundwa mbu wa maabara walioharibiwa jeni moja ya kunusa. Mbu hao, wa aina ya *Aedes aegypti*, hawakujali DEET wakiwa mbali. Waliruka moja kwa moja hadi kwenye mkono uliopakwa. Lakini walipotua, waliondoka bila kuuma. Uchunguzi uliofuata, mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanaonja kwa miguu. Kwa hiyo mkono uliopakwa dawa una milango miwili, mmoja wa puani na mwingine wa miguuni, na DEET hulinda yote miwili kwa namna tofauti.

Na mbu wetu wa malaria? Kwa *Anopheles coluzzii*, ndugu wa karibu wa *Anopheles gambiae*, watafiti walipochungulia chembe za fahamu za vipapasio vyake waliona kitu cha ajabu: hazikuitikia harufu ya DEET hata kidogo. Walichokiona ni kwamba DEET ikichanganyika na harufu za ngozi huzifanya zisipae sana hewani. Yaani, angalau kwa mbu huyo na kwa umbali huo, dawa haimtishi. Inamficha aliyejipaka.

Mimi naona matokeo ya Kilombero yanaeleweka vizuri zaidi ukiyasoma pamoja na hilo. Tumezoea kuiita "dawa ya kufukuza", na picha inayotujia ni ya mbu anayekimbia kama mwizi aliyepigiwa kelele. Lakini mbu ambaye hakukuona hana sababu ya kukimbia. Amebaki palepale uani, ameendelea kuruka, na wa kwanza kumwona ni yule asiyejipaka. Nchini Bolivia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, mtu asiyetumia dawa akikaa mita moja kutoka kwa waliojipaka aliumwa mara nyingi zaidi, kwa zaidi ya theluthi moja, kuliko alipokaa na wenzake wasiojipaka. Dawa iliyotumika huko haikuwa DEET bali PMD, inayotokana na aina ya mkaratusi wenye harufu ya ndimu, lakini hadithi ni moja.

Lipo pia suala la mazoea. Mbu wa *Aedes* waliokutana na DEET mara moja, walipojaribiwa tena saa tatu baadaye, wengi wao waliipuuza. Na kabla ya hapo, mwaka 2010, ilithibitika maabara kwamba uvumilivu huo unaweza hata kurithiwa. Majike wasiojali DEET walipozalishwa, sehemu yao iliruka kutoka asilimia 13 hadi zaidi ya 50 katika kizazi kimoja. Sisemi kwamba hali hiyo imeshafika vijijini kwetu. Nasema mdudu anayefukuzwa tu na kuachwa hai ana nafasi ya kujifunza.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba losheni ya mbu ni upotevu wa fedha. Hukohuko Bolivia, kwenye misitu ya Amazon, jaribio lililohusisha watu wapatao elfu nne lilionyesha kwamba kaya zilizotumia chandarua pamoja na dawa ya kupaka jioni zilipata malaria ya aina ya vivax pungufu kwa asilimia 80 kuliko zilizotumia chandarua peke yake. Ni punguzo kubwa mno. Mbu wa huko anauma mapema, watu wakiwa bado hawajalala, na waliopewa dawa waliitumia.

Neno la mwisho hapo ndilo zito. Waliitumia. Nchini Kambodia, mkoani Ratanakiri, mwaka 2012 na 2013 watu karibu elfu 49 waliingizwa kwenye jaribio la dawa ya kupaka ya pikaridini, wakigawiwa bure. Malaria haikupungua ukilinganisha na vijiji visivyopewa. Walipoulizwa kama wanajipaka kila siku, takriban asilimia 70 walijibu ndiyo. Watafiti walipokaa na kuangalia kwa macho, waliojipaka kweli walikuwa asilimia 8. Mwenye kuwahi kumaliza dozi ya vidonge siku saba bila kuruka hata kimoja na awe wa kwanza kuwacheka. Kwetu Tanzania, jaribio kama hilo la DEET pamoja na chandarua lililofanyika bondeni Kilombero mwaka 2009 na 2010 nalo halikupata ushahidi wa kutosha kwamba losheni iliongeza kinga juu ya ile ya chandarua.

Kwa hiyo dawa ya kupaka ina matatizo mawili yanayosukumana. Wakijipaka wachache, wanawasukumia mbu wenzao. Na kuwafanya wote wajipake, kila jioni, mwaka baada ya mwaka, karibu haiwezekani.

Swali basi ni kama ipo namna ya kuzuia mbu asiume nje bila kumtegemea mtu akumbuke kujipaka. Maana nje ndiko tatizo lilikohamia. Chandarua kinamlinda aliyelala. Hakimlindi mama anayepika uani saa moja jioni, wala vijana kijiweni, wala mkulima wa mpunga aliye kibandani shambani akilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Hakuna anayetundika chandarua msibani, na matanga yetu hulaza watu nje usiku kwa usiku.

Wazee walikuwa na majibu yao. Kaskazini mashariki mwa Tanzania watu huchoma au kutundika kivumbasi. Katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, watafiti waliweka mimea ya jamii ya kivumbasi ikiwa hai ndani ya vyungu, na mbu wakapungua kwa theluthi moja au zaidi kidogo. Si haba kwa mmea usiogharimu kitu, lakini hautoshi kutegemewa.

Zao kubwa lilikuwa pareto. Maua hayo meupe ya nyanda za juu, ambayo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kuyazalisha na ambayo bado yanalimwa Iringa na Mbeya, yana sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya wadudu. Mjapani Eiichiro Ueyama aliyasaga na kuyafanya vijiti vya kuchoma mwishoni mwa karne ya 19, kisha vijiti vikazungushwa vikawa ile koili tunayoiwasha chini ya meza hadi leo. Siku hizi ndani yake huwa na viuatilifu vya kutengenezwa viwandani vinavyoiga pareto. Neno la kando kwa wanaoiwasha chumbani na kufunga madirisha: utafiti mmoja wa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja hutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Iwashe nje, au penye hewa.

Ubora wa pareto na wanawe, kwa upande wa swali letu, ni kwamba hawamfichi mtu. Wanamwingia mbu. Kiuatilifu cha jamii hii hushikilia wazi milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, na hata kiasi kidogo cha mvuke, kisichotosha kuua, humfanya mbu aruke ovyo, apoteze hamu ya damu kwa saa kadhaa, mara nyingine aanguke. Baadhi hufa. Mbu aliyeondoka uani kwako akiwa katika hali hiyo hamfikii jirani akiwa mzima.

Kutokana na hilo Ifakara wakaja na vitu ambavyo mimi huvipenda kwa sababu vinafanana na maisha yetu. Walichukua magunia na katani, wakavilowesha kwa transfluthrini, kiuatilifu kinachopaa chenyewe polepole bila moto wala umeme. Walitundika vipande hivyo kwenye mianya kati ya ukuta na paa, ambamo mbu hupitia kuingia ndani. Walivifanya mapambo ya baa za nje. Waliviweka chini ya viti. Mwishowe walivishona kwenye kandambili, kwa sababu mtu aliyekaa nje huumwa zaidi miguuni na kwenye vifundo. Kipande cha gunia kilicholoweshwa mara moja kiliendelea kuzuia mbu kwa miezi. Hakuna anayepaswa kukumbuka kitu kila jioni. Mtu anakaa kwenye kiti chake kama kawaida.

Jaribio kubwa la mvuke wa transfluthrini katika Afrika Mashariki lilifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, mahali ambapo vyandarua vimeshaenea na mbu wameshakuwa sugu kwa viuatilifu vya vyandarua hivyo. Vipande vyembamba vilivyotiwa dawa vilibandikwa ndani ya nyumba. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha maambukizi ya malaria kupungua kwa takriban theluthi moja. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo, lenye masharti, kwamba vifaa vya namna hii vinaweza kutumika pamoja na vyandarua. Kabla ya hapo, jaribio la kisiwa cha Sumba nchini Indonesia lilikuwa limeelekea upande uleule, ila takwimu zake hazikufikia kiwango cha uhakika.

Theluthi moja ni kitu, hasa juu ya chandarua. Lakini tusijidanganye: transfluthrini ni mtoto wa ukoo uleule wa pareto ambao *Anopheles funestus* wa Kilombero, anayebeba sehemu kubwa ya malaria ya bonde hilo siku hizi, ameshajifunza kuuvumilia kwenye vyandarua. Kama usugu huo utaendelea mpaka kwenye mvuke, basi mbu atakuwa ameambiwa tu "sogea huko" na tutarudi palepale tulipoanzia. Hili ndilo ningetaka lipimwe kila mwaka popote vifaa hivi vitakapogawiwa.

Sasa nimwache mbu nimwendee mbung'o, kwa sababu kwake kufukuza kuna maana nyingine kabisa.

Mbung'o hueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Dume na jike wote hunyonya damu, na damu ndiyo chakula chao chote. Hawana maua ya kuwasitiri. Jike hatagi mayai kwa mamia kama mbu. Hulea buu mmoja tumboni mwake, akimlisha kwa maziwa yake mwenyewe, na kumzaa akiwa mkubwa, mmoja kila siku tisa au kumi. Uzazi wa polepole namna hiyo ni nadra kwa wadudu, nao ndio udhaifu wake. Wataalamu wamekokotoa kwamba ukiongeza vifo vya majike kwa takriban asilimia 4 tu kwa siku, na ukazuia wengine wasihamie kutoka nje, kundi zima linaweza kutoweka. Mdudu wa aina hii akikosa mlo mmoja, anaharibikiwa.

Wachungaji wa porini wamejua siku nyingi kwamba wanyama hawaumwi sawa. Ngiri, nyati na pongo ni chakula cha mbung'o. Kuro, anayekaa palepale kwenye vichaka vya kando ya maji ambako mbung'o wamejaa, huumwa mara chache sana. Watafiti wa ICIPE, kituo cha Nairobi cha utafiti wa wadudu, walikusanya harufu ya mwili wa kuro na kuichambua. Wakapata mchanganyiko wa kemikali ambazo mbung'o huzikwepa, kati yake gwayakoli na asidi ya pentanoiki. Si sumu. Ni harufu ya mnyama asiyefaa kuliwa.

Mchanganyiko huo ukawekwa kwenye kifaa kidogo kinachoutoa polepole, kikafungwa shingoni mwa ng'ombe kama kola, huko Kwale, pembezoni mwa Milima ya Shimba. Wafugaji wa Pwani wanaijua nagana: ng'ombe hukonda, hutupa mimba, na wa kulima hushindwa kuvuta jembe. Jaribio lilidumu miaka miwili na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ng'ombe waliovaa kola walipata ugonjwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80, wakanenepa, wakalima eneo kubwa zaidi.

Swali letu linarudi: mbung'o waliomkwepa ng'ombe mwenye kola walikwenda wapi? Wengine bila shaka kwa wanyama wa hifadhi, ambao wapo jirani. Wengine huenda kwa ng'ombe wa boma lisilo na kola, na hapo mfugaji maskini anaweza kujikuta katika nafasi ileile ya zile kaya mbili katika kumi za Kilombero. Lakini kwa mbung'o kuna jibu la ziada ambalo kwa mbu hatunalo vizuri, nalo ni mtego. Mdudu huyu huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na pia na harufu ya pumzi na mkojo wa ng'ombe. Kila aliyepita Serengeti au Tarangire ameona vile vitambaa vya buluu na nyeusi vilivyotundikwa kwenye miti. Vimetiwa kiuatilifu, na mbung'o akitua amekwisha. Ukimsukuma kwa harufu ya kuro upande huu na kumvuta kwa kitambaa upande ule, kumfukuza kunageuka kuwa kumpeleka kwenye kifo. Wakulima wa Kenya wanaopambana na funza wa mabua ya mahindi wanaijua mbinu hiyo kwa jina la vuta-sukuma, na ICIPE ndio waliowafundisha.

Wapo wanaojaribu kuipeleka vuta-sukuma kwa mbu pia, katani yenye mvuke kwenye paa na mtego wenye harufu ya binadamu uani. Ugumu ni kwamba hakuna mtego uliotengenezwa hadi leo unaomvuta mbu kwa nguvu kama mtu halisi anayepumua. *Anopheles arabiensis*, mbu mwingine wa malaria, angalau hukubali ng'ombe akimkosa mtu, hivyo mahali penye mifugo kumfukuza kunaweza kuwa na faida fulani kwa kijiji. *Anopheles funestus* anamtaka mtu.

Kwa mtu mmoja mmoja, basi, uamuzi ni rahisi. Msafiri anayetoka mji usio na malaria, mwenye mimba anayelazimika kukaa nje jioni, mlinzi wa usiku, mvuvi: hao na wapake, wafuate maelekezo ya chupa, na wasiache chandarua. Ndani ya familia, mpake mtoto aliyeruhusiwa na maelekezo hayo kabla ya kujipaka wewe, maana ukijipaka peke yako na kukaa naye mkekani unajua sasa mbu atamwendea nani.

Kwa anayepanga mambo ya umma, kipimo kiwe kingine. Kila kampuni inayoleta dawa mpya ya kufukuza mbu iulizwe nyumba za wasioitumia zilihesabiwa mbu wangapi, na ikiwa haina jibu irudi ikahesabu. Na halmashauri iliyo na bajeti ya kununua losheni ya nusu ya kijiji, fedha hizo ni heri izipeleke kwenye vyandarua vipya vya kijiji kizima.